Joto katika kibanda cha uvuvi wa barafuni

Kibanda cha uvuvi wa barafuni ni chumba kidogo cha mbao, bati au turubai kinachosimamishwa juu ya ziwa lililoganda, ili mvuvi atoboe barafu kwa keekee na kushusha ndoano bila kupigwa na upepo. Vibanda vya namna hii viko Kanada, Ufini, Urusi na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Makala haya yanafuata zaidi desturi za jimbo la Minnesota, ambako ziwa Mille Lacs, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 536 hivi, hugeuka kila majira ya baridi kuwa kitongoji cha vibanda, na njia za magari zikachongwa katikati ya theluji. Usiku wa Januari kipimajoto hushuka huko hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi; rekodi ya jimbo, nyuzi 51 chini ya sifuri, ilipimwa karibu na mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996.

Mgeni hudhani kazi yote ni kuwasha moto mkubwa. Wazoefu huanza na sakafu, na wana haki. Hewa ya moto hupanda darini, huku barafu iliyo chini haiwezi kupita nyuzi 0: ukizidisha moto, inayeyuka tu. Ndiyo maana mtu hutokwa jasho kichwani na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Dawa yake ni kutandika mbao za povu gumu, kisha mpira au zulia kuukuu juu yake, na kuyawekea matundu ya kuvulia vifuniko yasipotumika. Feni ndogo iliyotundikwa darini ikisukuma hewa chini hufaa kuliko hita ya pili. Wenye hema huchagua lenye turubai la tabaka mbili lililotiwa pamba katikati. La tabaka moja hupoa mara tu hita inapozimwa.

Nje, theluji ndiyo blanketi la bure. Hurundikwa kuzunguka kingo za kibanda kuziba upepo unaopenya chini. Kibanda chenyewe hata hivyo hakikalishwi juu ya barafu moja kwa moja. Joto lake huiyeyusha, maji huganda tena usiku, na kibanda kikanasa. Kwa hiyo huinuliwa juu ya magogo. Sheria ya Minnesota hutaka vibanda viondolewe ziwani mwezi Machi, kusini mapema kuliko kaskazini, na aliyepuuza magogo humaliza msimu akipiga shoka kukomboa mali yake.

Hita za kawaida hutumia gesi ya propani. Ile ndogo ya kubebeka hutoa takriban kilowati 1.2 ikipunguzwa na 2.6 ikifunguliwa zaidi. Mtungi wa gramu 450 hudumu saa 5 hivi kwa moto mdogo. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni maji. Kila kilo ya propani inayoungua huzaa zaidi ya kilo 1.6 ya mvuke, hivyo mtungi huo mdogo peke yake humwaga hewani karibu robo tatu ya lita. Mvuke hugusa ukuta baridi, ukawa matone, ukalowesha nguo, na nguo iliyolowa haina joto. Jiko la kuni lenye bomba la moshi hupeleka mvuke wake nje, ndiyo sababu vibanda vyenye jiko hilo huwa vikavu, ingawa hula nafasi na hudai kuchochewa kila mara.

Hapa ndipo penye hatari. Kadiri mtu anavyoziba nyufa ili apate joto, ndivyo anavyoinyima hita oksijeni, nayo huanza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Anayejua habari za jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na madirisha yakafungwa anaujua ugonjwa huu: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito. Matundu mawili ya hewa, moja karibu na sakafu na jingine juu, lazima yabaki wazi, na yakaguliwe theluji isiyafunike. Hita nyingi za kisasa hujizima oksijeni inapopungua, lakini kifaa hicho hakipimi kaboni monoksidi. King'ora cha gesi hiyo hununuliwa peke yake, na betri zake hukaguliwa kwa sababu baridi huzidhoofisha. Kulala huku hita ya wazi ikiwaka hakufai hata kidogo. Nyumba kubwa za magurudumu, ambazo watu hulala humo, hufungwa tanuri linalovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi nje.

Mtungi nao una masharti yake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na kadiri baridi inavyokaribia hapo, shinikizo hupungua na moto hufifia. Mtungi mdogo ukitumiwa kwa moto mkali hujipoza wenyewe mpaka ukaota barafu ubavuni, hata gesi ikiwa bado imo. Kwa safari ya kutwa nzima wavuvi hupendelea mtungi wa kilo 9 unaowekwa nje, wenye mpira wa kupitisha gesi na kidhibiti shinikizo. Maungio yake hupakwa maji ya sabuni kabla ya kuondoka nyumbani, maana kutafuta uvujaji juu ya ziwa, kwa vidole vilivyoganda, ni kazi isiyofanyika.