Unyang'anyi wa kutumia silaha (Tanzania)

Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania (namba za vifungu katika makala hii ni za toleo la 2019). Adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30 jela, pamoja na viboko au bila viboko. Kesi husikilizwa katika mahakama za wilaya au za hakimu mkazi, na nyingi huishia Mahakama ya Rufani, ambako mrufani mara nyingi husimama bila wakili akitetea sababu za rufani alizoandika akiwa gerezani.

Viini vya kosa

Jamhuri hutakiwa kuthibitisha kwamba kitu kiliibwa, kwamba mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, na kwamba kabla tu ya kuiba, wakati wa kuiba au mara baada ya kuiba alitumia nguvu au alitishia kuzitumia ili aipate mali au abaki nayo. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga, nondo, shoka au kisu hutosha. Aliyechomolewa simu mfukoni asijue amefanyiwa wizi wa kutoka maungoni. Aliyewekewa panga shingoni akaitoa mwenyewe ameporwa kwa silaha, hata kama panga halikumkwaruza. Unyang'anyi usio na silaha uko chini ya vifungu vya 285 na 286, na jaribio la kupora kwa silaha lina kifungu chake, 287B.

Hati ya mashtaka lazima imtaje mtu aliyetishwa au kupigwa. Si lazima awe mwenye mali: mlinzi wa duka akifungwa kamba, jina lake ndilo linalohitajika. Mahakama ya Rufani imewahi kuwaachia huru wafungwa kwa upungufu huo.

Historia

Sheria ya Adhabu za Chini ya 1972 iliwafunga mikono mahakimu. Marekebisho ya 1989 yaliweka miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha, na kosa lenyewe likapewa kifungu chake mwaka 2004 kupitia Sheria Na. 4, kilichoandikwa upya mwaka 2011. Tangu hapo hakimu hana nafasi ya kumtofautisha kijana aliyepora simu kwa kisu na genge lililovamia benki kwa bunduki za SMG: wote huanzia miaka 30. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Utetezi

Utambuzi wa mshtakiwa

Hapa ndipo kesi nyingi husimama au kuanguka. Uporaji hutokea usiku, kwa dakika chache, mbele ya watu waliotaharuki. Mara nyingi kinachobishaniwa mahakamani si panga wala mali, bali macho ya shahidi. Shauri la msingi ni Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980. Mahakama hiyo ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu kuliko aina zote, na kwamba hakimu asimtie mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uwe umeondolewa. Shahidi aulizwe alimwona mshtakiwa kwa muda gani, akiwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Maamuzi yaliyofuata yamekaza kamba zaidi. Kusema tu kwamba taa ilikuwa inawaka hakutoshi. Shahidi aeleze ni taa ya aina gani, ilikuwa wapi na iliangaza kiasi gani. Kibatari si sawa na taa ya umeme, na mbalamwezi si sawa na mchana. Kuhusu tochi, Mahakama ilisema jambo ambalo kila aliyewahi kumulikwa analijua: anayemulika ndiye anayemwona anayemulikwa, si kinyume chake. Hata hivyo, mwathirika anayedai kuwatambua majambazi kwa mwanga wa tochi zao wenyewe bado hujitokeza katika kumbukumbu za mahakama kwa wingi wa kushangaza.

Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapishwa katika ripoti za sheria za 2002, iliamuliwa kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kadiri inavyowezekana ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwa shahidi. Kuchelewa kumtaja bila maelezo huleta shaka. Kwa hiyo wakili mzoefu huwauliza majirani waliofika kwanza, balozi wa nyumba kumi na askari wa zamu: je, usiku ule mlitajiwa jina? Likikosekana hapo, likajitokeza baada ya siku kadhaa, utetezi umepata pa kushika.

Kwa mtu asiyefahamika na shahidi, polisi huandaa gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa huchanganywa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano, kanuni iliyotokana na shauri la Mwango Manaa la 1936. Kumnyooshea kidole kizimbani bila gwaride hakuna uzito.

Mali iliyoibwa karibuni

Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mahakama yaweza kuamini kwamba yeye ndiye mwizi. Sharti ithibitishwe kwamba alikutwa nayo, kwamba ni ya mlalamikaji kwa alama zisizo na utata, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Pikipiki huthibitishwa kwa namba za chesi na kadi. Utetezi hushambulia hati ya ukamataji na mtiririko wa utunzaji wa kielelezo tangu kilipochukuliwa hadi kilipoletwa mahakamani.

Maelezo ya onyo

Maelezo ya mtuhumiwa huchukuliwa ndani ya saa 4 tangu akamatwe, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Yakipingwa kuwa yalipatikana kwa kipigo, mahakama husimama na kuchunguza kwanza. Ungamo lililokanwa huhitaji tahadhari, kama lilivyoamua shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda la 1967.

Kutokuwepo eneo la tukio

Taarifa hutolewa kabla ya usikilizwaji, kwa mujibu wa kifungu cha 194 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha alikokuwa.

Dhamana

Haipo. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaliweka kosa hili pamoja na mauaji na uhaini. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mshtakiwa hukaa mahabusu hadi kesi iishe.

Umiliki haramu wa silaha za moto

Kosa hili husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kumiliki bunduki, bastola au risasi bila leseni ni kosa la uhujumu uchumi, hivyo kesi huhitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikisikilizwa katika mahakama iliyo chini ya Mahakama Kuu huhitaji pia hati yake maalumu. Kesi zilizoendeshwa bila nyaraka hizo zimebatilishwa.

Kenya na Zanzibar

Nchini Kenya kosa linalokaribiana na hili, wizi wa mabavu, lina adhabu ya kifo chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo. Hutosha mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake, au amjeruhi mtu. Hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo Desemba 2017, lakini Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Tofauti na Tanzania, dhamana huweza kutolewa. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Na. 6 ya 2018.