Wakili wa Ardhi Tanzania na Haki Zisizoonekana Katika Daftari

Uwakili wa ardhi nchini Tanzania umesimama juu ya kanuni kwamba ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na kwamba anachomiliki raia ni haki ya kuitumia kwa masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliigawa ardhi hiyo katika mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Wanasheria vijana wanaotaka kubobea katika fani hii huvutiwa zaidi na fungu la kwanza, lenye viwanja vya mijini, rehani za benki na uhamisho wa milki. Makala hii inadai kuwa mwelekeo huo unaidhoofisha taaluma yenyewe, kwa sababu haki nyingi za ardhi nchini hazijaandikwa katika daftari lolote la Msajili wa Hati.

Njia rasmi ya kuingia katika uwakili inafahamika: shahada ya sheria, mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa na Jaji Mkuu. Ugumu huanza baadaye, katika kazi inayoonekana nyepesi kama upekuzi, yaani uchunguzi wa kumbukumbu za usajili ili kujua mmiliki ni nani na kama mali imewekwa rehani au zuio. Upekuzi unaweza kuonyesha jina la mume peke yake, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inaitambua rehani ya nyumba hiyo pale tu ridhaa hiyo inapothibitishwa. Wakili anayeishia kwenye daftari, asifike kwenye nyumba yenyewe na kuuliza ni nani wanaoishi humo, anamwandalia mteja wake kesi.

Vijijini jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa haki ya ardhi inayotokana na mila ni mali inayolindwa na Katiba, na sheria za 1999 zikaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Kwa hiyo ushahidi wa milki unaweza kuwa mti wa mpaka, makaburi ya ukoo au kauli ya jirani mzee, na wakili asiyejua kuuhoji na kuupima ushahidi wa namna hiyo hawezi kujiita mbobezi wa ardhi, hata akiwa hodari wa kuandika mikataba.

Mfumo wa utatuzi wa migogoro unathibitisha hoja hii. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata, ambalo Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilizuia mawakili kufika mbele yake, liliondolewa mamlaka ya kutoa hukumu mwaka 2021 na likabakiziwa usuluhishi, lakini kwa kawaida Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halianzi kusikiliza shauri kabla ya Kata kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Mteja basi huingia peke yake mahali ambapo maneno yake ya kwanza husemwa, na mara nyingi maneno hayo ndiyo atakayobanwa nayo baadaye. Kwa sababu hiyo, mawakili wenye uzoefu wanaowalea wanafunzi wa sheria wangefanya vyema kuwapeleka vijijini, wakajifunze kumwandaa mkulima kabla hajaketi mbele ya wasuluhishi, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu kamili ya mafunzo yao ya vitendo.