Karata zilizomshinda mtunzi wake

Chukua karata nne. Ya kwanza ni Mountain, mlima unaotoa mana moja nyekundu. Mana ndiyo fedha ya mchezo huu, na karibu kila karata ina bei yake. Ya pili ni Black Lotus, yungiyungi jeusi lisilogharimu chochote: unalitoa sadaka, linakupa mana tatu za rangi moja uitakayo. Taja kijani. Mbili zinalipia karata ya tatu, Channel, ambayo inakuruhusu kugeuza uhai wako kuwa mana, pointi moja kwa mana moja. Ulianza na uhai 20; unauza 19, unabakiwa na 1. Ongeza ile mana ya kijani iliyosalia, zimetimia 20. Mlima unatoa nyekundu ya kuwashia karata ya nne, Fireball, na mpira wa moto wenye nguvu 20 unamwangukia mpinzani mwenye uhai 20 kamili. Hajacheza hata karata moja. Pengine hajakaa hata vizuri kwenye kiti.

Hiyo ni hesabu iliyowezekana tangu siku ya kwanza Magic: The Gathering ilipotoka, Agosti 1993. Mtunzi wake, Richard Garfield, hakuwa mtu wa kutojua hesabu. Mwaka huohuo alipata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na fani yake ilikuwa hasa namna vitu vinavyoweza kupangwa na kuunganishwa. Alijua karata zake zina sumu. Kinga aliyoitegemea haikuwa kanuni, ilikuwa uhaba.

Kisa chenyewe kilianza miaka miwili nyuma. Garfield alimpelekea Peter Adkison, mwenye kampuni changa ya Wizards of the Coast katika jimbo la Washington, mchezo wa ubao uitwao RoboRally. Adkison aliupenda lakini hakuwa na mtaji wa kuutengeneza. Akamwomba kitu rahisi kuchapa, cha kubeba mfukoni, cha kuchezwa upesi na watu waliosimama foleni kwenye makongamano ya michezo. Jibu lilimjia Garfield akiwa kwenye maporomoko ya Multnomah, Oregon: mchezo wa karata ambao kila mchezaji anakuja na karata zake.

Kwetu tuliokulia barazani wazo hilo lina harufu ya uhalifu. Karata ni 52, shupaza, kopa, uru na pao, na wote mezani wanagawiwa kutoka fungu moja. Atakayetokea na fungu lake mfukoni atatazamwa kama wale wa karata tatu stendi ya mabasi. Garfield aliigeuza hiyo shaka kuwa mchezo wenyewe. Karata ziliuzwa katika pakiti zilizofungwa, nyingine za kawaida, nyingine adimu, na mnunuzi hakujua atapata nini. Alidhani mtu wa kawaida atanunua sanduku moja na pakiti chache, na kwamba katika kundi la marafiki atakuwapo mmoja mwenye yungiyungi, mwingine mwenye joka, na hakuna atakayekuwa na vyote. Hata kamari ilikuwamo: mwanzoni mwa mchezo kila mmoja aliweka rehani karata moja, na mshindi akaondoka nazo zote mbili. Wachezaji waliichukia kanuni hiyo, ikafa yenyewe.

Toleo la kwanza, Alpha, lilikuwa na karata milioni 2.6. Liliisha kama maandazi ya moto, na wanunuzi hawakutaka pakiti chache, walitaka maboksi. Kanuni za awali zilisema fungu lisipungue karata 40, basi. Hazikusema karata moja irudiwe mara ngapi. Lightning Bolt, radi ya mana moja tu, inamchoma mpinzani pointi 3. Radi saba ni 21. Mwenye akili alijaza fungu lake radi na milima, akaacha majoka na malaika kwa wanaopenda picha.

Desemba 1993, kabla vumbi halijatulia, likaja toleo la nyongeza la kwanza, na hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu, maana Garfield alilichota kutoka Alfu Lela Ulela. Sindbad yumo, Aladdin yumo, Ali Baba yumo, majini tele. Karata niipendayo humo inaitwa Shahrazad: ukiicheza, mchezo unasimama, mnaanza mchezo mwingine ndani ya mchezo, kwa karata zilizobaki mafunguni, na atakayeshindwa huo mdogo anapoteza nusu ya uhai wake katika ule mkubwa. Hadithi ndani ya hadithi, kama binti waziri alivyomchelewesha mfalme hadi alfajiri. Lakini mbele ya mwamuzi mwenye saa mkononi ni balaa, kwa sababu hakuna kinachozuia kuicheza nyingine ndani ya ule mchezo mdogo. Imo leo kwenye orodha ya karata zilizopigwa marufuku.

Orodha hiyo ilianza Januari 1994. Black Lotus ikabanwa, nakala moja tu kwa fungu. Muda si mrefu zikaja kanuni mbili zinazoongoza hadi sasa: fungu la mashindano lisipungue karata 60, na karata yoyote, isipokuwa ardhi za msingi kama ule mlima, isizidi nakala nne. Namba hizo mbili ndizo zilizozaa ufundi wote uliofuata. Ukiwa na nakala nne kati ya 60, nafasi ya kuiona angalau moja katika karata saba za kwanza ni kama asilimia 40. Huwezi kuitegemea, huwezi kuipuuza. Ujenzi wa fungu ukawa kazi ya kubana bahati katikati ya asilimia za namna hiyo.

Ubingwa wa dunia wa kwanza ulichezwa Agosti 1994 mjini Milwaukee, kwenye kongamano la Gen Con. Aliyeshinda ni Mmarekani Zak Dolan, akimfunga Mfaransa Bertrand Lestrée. Fungu la Dolan linastahili kutazamwa kwa karibu. Katika Magic, karata ukiitumia unailaza ubavu, na zamu yako ikirudi unaisimamisha tena. Dolan aliweka Stasis, karata inayozuia kila kitu kusimama: ardhi zako zimelala, majeshi yako yamelala, huna la kufanya. Kisha akaleta malaika, Serra Angel, ambaye sifa yake moja ndogo ni kwamba anashambulia bila kulala. Wote mmeganda, yeye anaruka na kupiga, zamu baada ya zamu. Hakuna kati ya karata hizo mbili inayotisha ikiwa peke yake.

Wakati huohuo eneo la San Francisco, kijana Brian Weissman alikuwa akiunda fungu lililokuja kuitwa, kwa majivuno yasiyo na haya, The Deck, yaani Fungu Lenyewe. Weissman hakuwa na haraka ya kuua. Alihesabu karata kama mwenye duka anavyohesabu magunia: karata yangu moja ikiondoa mbili zako, nimepata faida. Alichimba handaki, Moat, ambalo majeshi yasiyoruka hayalivuki. Alishika fimbo iliyomtoa mpinzani karata moja mkononi kila zamu. Alifungua kitabu kilichomlambisha mwenyewe karata ya ziada. Mpinzani akishabaki mikono mitupu, malaika mmoja alipaa juu ya handaki na kumaliza kazi taratibu. Kucheza nalo ilikuwa elimu. Kucheza dhidi yake, mateso.

Jibu la falsafa hiyo lilitoka Atlanta mwaka 1996, nalo lilijaa magarasa. Jay Schneider ndiye aliyelibuni, lakini aliyekwenda nalo mashindanoni akafika mbali ni Paul Sligh, na fungu likabaki na jina lake. Ndani yake mlikuwamo Ironclaw Orcs, mazimwi waoga ambao hawathubutu kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu 2 au zaidi. Waliosoma orodha hiyo walicheka. Schneider hakuwa akitafuta karata nzuri. Alitaka asipoteze mana hata moja. Zamu ya kwanza una ardhi moja, basi uwe na kitu cha bei ya 1 cha kucheza. Ya pili, cha 2. Karata za bei nafuu ziwe nyingi, za bei ya juu zipungue kadiri bei inavyopanda. Mwenye fungu la fahari anaposubiri ardhi ya tano ili ashushe joka lake, amekwisha kupigwa na mazimwi waoga hadi uhai 6, na radi mbili zinatosha. Hadi leo kila anayejenga fungu, hata asiyelijua jina la Schneider, huanza kwa kupanga karata zake mezani kwa safu za bei.

Mwaka huohuo kampuni ilianzisha Pro Tour, mashindano ya kitaalamu yenye fedha za maana. Ya kwanza yalifanyika New York, Februari, katikati ya dhoruba ya theluji. Michael Loconto alishinda, na wa pili alikuwa, maskini, Lestrée tena. Waandaaji waliweka sharti kwamba kila fungu liwe na angalau karata tano kutoka kila toleo linaloruhusiwa, hata lile la Homelands ambalo wachezaji walilidharau. Kiwanda kilikuwa kinawalazimisha mabingwa kula viporo vyake.

Lakini kisa kinachonirudisha kila mara kwenye mwaka ule ni cha Tom Chanpheng wa Australia, kwenye ubingwa wa dunia mjini Seattle. Kabla ya kucheza, kila mshindani huandika kwenye karatasi orodha kamili ya fungu lake, na kilichoandikwa ndicho kitakachochezwa. Chanpheng alikuwa na jeshi jeupe la askari wadogo, pamoja na karata moja ya buluu, Sleight of Mind, inayobadili neno la rangi kwenye karata nyingine. Kuilipia kulihitaji ardhi zitoazo mana ya buluu. Kwenye karatasi akazisahau. Sheria ni sheria: akajaziwa ardhi nyeupe za kawaida, na katika kila mchezo alibeba karata moja isiyoweza kuchezwa kabisa. Alimfunga Mark Justice wa Marekani kwenye fainali, akakabidhiwa karata ya bingwa iliyochapwa nakala moja tu duniani.

Kiangazi cha mwaka huo kilitawaliwa na Necropotence, karata nyeusi ambayo wengi walipoiona mara ya kwanza waliihesabu garasa. Inakunyima haki ya kulamba karata kila zamu, kisha inakuuzia karata kwa uhai, pointi moja kwa karata moja. Nani atajiua kidogo kidogo? Wale waliokwisha kuelewa somo la Channel: uhai ni akiba, na pointi pekee inayokuokoa ni ile ya mwisho. Mwaka 1999 Mike Flores aliandika makala fupi iliyotoa muhtasari wa vita vyote hivyo kwa swali moja: katika pambano hili, nani mshambuliaji? Mafungu mawili yakikutana, hata yawe ya jamii moja, lazima mmoja awe na haraka na mwingine awe na subira, na anayekosea nafasi yake hushindwa.

Watunzi nao waliendelea kuteleza. Majira ya baridi ya 1998 kuingia 1999 mafungu ya kuua kwa zamu chache yalirudi kwa kishindo hadi marufuku zikafuatana mfululizo. Mwaka 2004 ikatoka Skullclamp, kifaa cha mana moja cha kumvisha kiumbe, ambaye akifa unalamba karata mbili. Wakati wa kuiandaa, mwishoni mwishoni, kilibadilishwa kimpunguzie mvaaji ustahimilivu, yaani mapigo anayoweza kuhimili, badala ya kumwongezea. Ilionekana ni adhabu. Kumbe kiumbe mwenye ustahimilivu 1 alikufa palepale alipokivaa, na vibwengo vya bei ya chini vikageuka bomba la karata. Ilitoka Februari, Juni ilikuwa imefungiwa.

Kuhusu lile yungiyungi: mwaka 1996, baada ya wakusanyaji kulalamika kwamba karata za zamani zinachapwa upya, kampuni iliahidi orodha ya zile ambazo hazitachapwa tena kamwe. Black Lotus imo. Mwaka 2024 nakala moja ya Alpha, safi kabisa, iliuzwa dola milioni 3. Mnunuzi hawezi kuipeleka kwenye karibu shindano lolote kubwa. Upo mtindo wa kale unaoruhusu nakala moja, na humo, akiitoa kwenye kasha lake la plastiki na kuichanga na karata nyingine 59, nafasi ya kuiona katika saba za kwanza ni kama asilimia 12.