Mtunzi Asiyeandikwa: Gitiiro na Nyimbo za Wanawake katika Sehemu za Thika na Ruiru

Achunguzaye vijitabu vya nyimbo za siasa vilivyoenea Ugikuyuni kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, hukutana na majina ya wanaume, kama vile Kinuthia wa Mugia na Gakaara wa Wanjau. Majina ya wanawake ni haba mno. Jambo hili laweza kumfanya msomaji adhani kwamba kazi ya mwanamke ilikuwa kuitikia tu, na kwamba utunzi ulikuwa wa mwanamume. Dhana hiyo haiafikiani na fani yenyewe. Wanawake walikuwa watunzi, tena watunzi hodari. Kilichowanyima jina ni namna ya utunzi wao, ambao hufanyika papo hapo, mbele ya watu wachache wajuanao, na kwa kupokezana.

Thika na Ruiru ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa suala hili. Mto Chania, upitao Thika, kwa jadi ndio uliotenga Wagikuyu wa Kabete na wale wa Metumi, yaani Murang'a, na hivyo hapo hukutana lahaja mbili za Kigikuyu. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya walowezi ya kahawa na katani yakatanda pande zote. Hata utafiti wa kahawa ya nchi nzima ulipewa makao Ruiru, katika shamba la Jacaranda, lililonunuliwa kwa kazi hiyo. Wanawake wa vijiji vya Kiambu na Murang'a walikutana mashambani humo wakiwa vibarua, na kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao.

Miongoni mwa nyimbo hizo, iliyo na hadhi kubwa ni gitiiro. Hii ni fani ya wanawake watu wazima, ambayo huimbwa hasa katika sherehe za ndoa. Wageni wafikapo langoni mwa boma, wenyeji hukataa kufungua. Manju wa wageni huanza kwa beti za kujitambulisha na kuomba njia; manju wa wenyeji hujibu kwa fumbo au kwa kejeli; wenzao wa kila upande huitikia. Asiyeweza kujibu hushindwa, na upande wake hutozwa zawadi. Lango hufunguliwa pale tu majibizano yanaporidhisha. Mwishowe hufuata ngemi, yaani vigelegele, ambavyo navyo vina hesabu yake: azaliwapo mtoto wa kiume hupigwa vitano, na wa kike vitatu.

Yafaa izingatiwe kwamba fani hii haina hadhira kubwa wala jukwaa. Jioni, baada ya kazi na chakula, wanawake kumi au kumi na watano hutosha. Kila msikilizaji ni mhakiki, kwa kuwa anamjua anayesemwa na anaijua kanuni ya beti. Mwanamke ambaye hangeweza kumkemea mkwe bahili au mume mkali kwa maneno ya kawaida, aliweza kufanya hivyo kwa wimbo, kwa sababu kiitikio kililifanya neno lake kuwa neno la wote. Ulinzi huo ndio uliokuwa faida ya fani. Kadhalika ndio uliolificha jina la mtunzi. Lililosemwa na wote halikuweza kuadhibiwa kwa mmoja, lakini pia halikuweza kuandikwa kwa jina la mmoja.

Historia ya ukoloni inaonyesha jinsi faida na hasara hizo zilivyokwenda pamoja. Katika mwaka 1921 na 1922 Harry Thuku alipinga, pamoja na mambo mengine, kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Wanawake walimwimbia sifa na kumwita mtawala wa wasichana. Alipokamatwa, umati ulikusanyika Nairobi tarehe 16 Machi 1922, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume hamasa kwa kuwakejeli. Alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 20 waliouawa kwa risasi. Wimbo wa Kanyegenyuri uliomkumbuka ulienea miongoni mwa wanawake. Shujaa wa wimbo anajulikana kwa jina lake kamili, aliyeutunga hajulikani.

Kejeli ya Nyanjiru haikuwa jambo la ghafula. Kumwaibisha mwanamume hadharani ili atimize wajibu wake ni silaha ileile itumiwayo langoni katika gitiiro. Tofauti ni kwamba mara hii lango lilikuwa la serikali, na waliokuwa ndani hawakujibu kwa beti.

Mashambani, wimbo ulipata msamiati mpya. Maneno ya Kiswahili kama nyapara, kibarua na debe yaliingia katika Kigikuyu yakiwa yamebadilishwa matamshi, na mchumaji aliyelipwa kwa hesabu ya madebe alikuwa na sababu ya kuyatumia katika tungo zake. Hapa mwanaisimu na mwanahistoria hukutana: neno la mkopo katika wimbo wa kazi ni ushahidi wa mahali mwimbaji alikosimama na wa nani aliyemsimamia. Tena ni wanawake hao wachuma kahawa wa Kiambu waliogoma mara kadha katika miaka ya 1930 na 1940. Wakati wa Hali ya Hatari wengi walifungwa Kamiti, mwendo mfupi kutoka Ruiru, na humo pia nyimbo zilitungwa na kukumbukwa na waliotoka hai.

Baada ya Uhuru fani iligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilielekea kwenye dola. Wakati wa utawala wa Jomo Kenyatta, vikundi vya ngoma, wakiwamo wanawake wa Nyakinyua, vilimtumbuiza jioni nyumbani kwake Gatundu. Hapo kundi lilipata sifa, na manju akabaki ndani ya kundi. Njia ya pili ilielekea kwenye sahani ya santuri. Katika miaka ya 1960 Joseph Kamaru aliimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni, nyimbo za majibizano ambazo msikilizaji wa gitiiro hawezi kukosa kuitambua mbinu yake. Hata hivyo jina lililokua ni la Kamaru. Ilikuwa baadaye ndipo Jane Nyambura (1964–2010), mzaliwa wa Murang'a aliyejulikana kama Queen Jane, alipokuwa kiongozi wa bendi yake mwenyewe na kuziimba nyimbo zake kwa jina lake. Santuri ilimpa mwanamke jina. Lakini pia ilimwondolea mpinzani aliyesimama mbele yake na kumdai jibu.

Siku hizi sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa ya Ruiru imegeuzwa viwanja vya nyumba, na barabara kuu ya Thika iliyokamilishwa mwaka 2012 imeharakisha mabadiliko hayo. Uwanja wa wimbo wa kazi umetoweka. Majibizano ya langoni, walakini, yangaliko: katika sherehe za ndoa akina mama bado husimama nje ya lango la chuma, huimba, na hujibiwa.

Kwa hiyo wajibu wa wakusanyaji wa fasihi-simulizi ni dhahiri. Mara nyingi maandishi hutaja kwamba wimbo uliimbwa na kundi la wanawake, kana kwamba beti zilijitunga. Inapasa kuandikwa, kwa idhini yake, jina la manju, kijiji chake, lahaja yake, aliyemjibu, na siku ya majibizano yenyewe. Bila hayo, mkusanyaji huhifadhi maneno na kumpoteza aliyeyasema. Wajuzi wa gitiiro walio wengi ni wazee, na kila manju azikwaye bila kuandikwa huondoka na majibu ambayo hakuna mwingine awezaye kuyatoa.