Siku tatu katika uwanja wa shule, Garissa

Novemba ikifika, mtu mzima wa Garissa, awe anaishi Galbet, Iftin au Waberi, hahitaji kalenda kumkumbusha mwaka 1980. Mtoto anayepiga mpira katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa ana habari? Sisi vitabu vyetu viliruka kutoka Mau Mau hadi bendera kupandishwa. Vita vya Shifta vilipata mstari mmoja, tena kwa bahati.

Basi vita hivyo kwa ufupi. Tume ya 1962 ilikuta Wasomali wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wakitaka kujiunga na Somalia. Desemba 1963, wiki mbili baada ya Uhuru, ikatangazwa hali ya hatari. Oktoba 1967 Rais Kaunda wa Zambia alizipatanisha Kenya na Somalia mjini Arusha, na 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga askari wasishtakiwe kwa waliyotenda vitani. Risasi zilinyamaza, lakini hali ya hatari ilibaki hadi 1991.

Humo ndimo ilimoangukia Novemba 1980. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa Mei 2013, inasimulia jinsi maafisa wa serikali walivyouawa mjini, na askari wakaingia kumsaka jambazi aliyeitwa Abdi Madobe. Mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa moto. Wanawake wakabakwa. Watu wakaswagwa hadi uwanja wa shule, wakakaa siku tatu bila chakula wala maji. Anayelijua joto la Garissa ataelewa maana yake, na Mto Tana haukuwa mbali. Wenyeji wanataja maelfu ya waliokufa; serikali haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Katika mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, ugomvi ulikuwa uleule: serikali ilisema waliokufa ni 57, tume ikasema karibu 1,000.

Mimi ugomvi wa hesabu sitauamua hapa. Linaloniudhi ni kwamba mahali penyewe ni shule, na shule imeshindwa kupasimulia.

Kwingine shule imeweza. Huko Hiroshima, Japani, wanafunzi wa shule ya upili ya Motomachi wamekuwa wakifanya hivi tangu 2007: kijana anaketi na mzee aliyenusurika bomu la atomiki, anamsikiliza, anachora, anarudi kumwonyesha. Mzee anakosoa: moshi haukuwa na rangi hiyo, yule mtoto hakulala hivyo. Mchoro mmoja hula miezi. Mwaka huohuo wa 2007, katika kambi za Chad, watoto waliokimbia Darfur walichora helikopta na vijiji vinavyoungua, na michoro yao ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Na sisi hatuanzi mikono mitupu. Mama wa Kisomali ana buraanbur, utungo wa wanawake, na kumbukumbu ya mambo mazito hapa imeishi kinywani kabla ya kufika kwenye faili la tume. Wagalla imepata kitabu cha S. Abdi Sheikh na, mwaka 2015, filamu ya Judy Kibinge. Bulla Kartasi inasubiri yake. Mtaala mpya nao una somo la sanaa, ambalo katika shule nyingi huishia kuchora chungu na ua.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za zamani. Wiki moja baadaye Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa, watu 148 wakauawa, na mji ukapata msiba mwingine wa kuomboleza.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 sasa amevuka 60. Mwalimu unayesoma haya Galbet, Novemba hii mwalike ayeeyo (bibi) mmoja darasani. Kaeni naye kwanza, mkubaliane lipi watoto wasikie na lipi lingoje wakue. Kisha wagawie karatasi.