Mfalme wa Jukwaani na Mwuza Nafaka

Katika mchezo wa huzuni wa Sophocles, Myunani wa kale, mfalme Oedipus amtafuta mwovu aliyeuletea mji wake tauni. Mchungaji mzee atoa ushahidi, kumbe mwovu ni mfalme mwenyewe. Mwingereza Thomas Hardy, aliyewasoma sana Wayunani hao, aliandika jambo kama hilo katika kitabu chake The Mayor of Casterbridge, mwaka 1886.

Lakini Henchard wake si mfalme, ni kibarua wa majani makavu. Siku moja gulioni alikunywa uji uliotiwa pombe kali, akalewa, akamwuza mkewe pamoja na mtoto kwa gini 5. Kesho yake akaapa asinywe tena miaka 21. Akatajirika kwa nafaka, akawa mkuu wa mji, kisha akaketi barazani kuhukumu. Ndipo akaletwa kikongwe mshitakiwa, naye ni yule yule mwuza uji! Akayatoboa yote. Karani wa baraza akasema ni uzushi. Nani angemsadiki kikongwe? Henchard akakiri, akaondoka kitini.

Sisi twauona ukubwa wake hapo, kuliko siku za cheo. Alifia kibandani, naye mfalme Lear wa Shakespeare alikuwa na mtumishi wa kumfuata nyikani. Henchard alifuatwa na kibarua mmoja tu, ambaye zamani alimwaibisha mbele ya watu.