Huaraz: walijua, wakarudi bondeni

Maafa yakitokea, kiongozi husimama mbele yetu waandishi na kusema wananchi waelimishwe. Sawa. Ila nikisoma historia ya Huaraz naona elimu peke yake haifiki mbali.

Huaraz ni mji mdogo wa Peru, kama mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Cordillera Blanca. Huko juu kuna ziwa Palcacocha, lililozuiwa na kifusi kilichoachwa na barafu ya mlimani. Asubuhi ya Desemba 13, 1941 kifusi kilibomoka. Maji, matope na mawe makubwa kama nyumba yakafagia karibu theluthi ya mji. Wapo wanaohesabu vifo 1,800, wapo wanaofika 5,000 na zaidi.

Mtaa ulioumia sana haukuwa wa makabwela. Ulikuwa Centenario, mtaa mpya wa wenye nazo. Serikali ikapiga marufuku kujenga kwenye njia ya maji. Unadhani walikubali? Viwanja vilikuwa mali yao, na kupanda kukaa mlimani, kwa wakulima wenyeji, waliona ni kushushwa hadhi. (Kwetu mkazi wa bondeni ni maskini, kule ilikuwa kinyume chake!) Wakajenga palepale, wakaidai serikali iyapunguze maziwa maji. Mwaka 1951 ikaundwa tume ya kazi hiyo, na kwa miaka mingi wahandisi wakatoboa mahandaki na kujenga kingo kwenye maziwa zaidi ya 30. Hata tetemeko la Mei 31, 1970 lililouangusha mji halikuwahamisha.

Mimi siwaiti wajinga. Kazi ile iliokoa watu. Mji jirani wa Carhuaz uko chini ya ziwa liitwalo 513, ambalo lilikuwa limeshushwa kwa mahandaki. Aprili 2010 barafu iliporomoka ziwani, mafuriko yakafika Carhuaz, na hakufa mtu.

Baadaye wataalamu wakafunga mitambo ya tahadhari huko juu. Mwaka 2016 ukaja ukame, uvumi ukaenea kwamba mitambo hiyo inafukuza mvua, na wanakijiji wakapanda kuing'oa. Palcacocha nayo, barafu ikizidi kuyeyuka, kufikia 2009 ilikuwa na maji mita za ujazo milioni 17, na mwaka 2011 yakawekwa mabomba ya kuyanyonya. Centenario imejaa nyumba tena.